Afande, Kabla Hujaposti: Mwongozo wa Kuendesha Akaunti ya Polisi Mtandaoni

Basi lilipinduka saa 11:30 alfajiri. Ilipofika saa 1 asubuhi nilikuwa nimeshakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya kamanda, daftari mkononi, pamoja na waandishi wenzangu wanne. Ndani tunaisikia redio ya upepo ikiita, ila mlango umefungwa. Tukaambiwa mkubwa yuko eneo la tukio, tusubiri. Kufikia saa 3 kundi la WhatsApp la mtaani kwetu lilikuwa limeshaua watu 19. Saa 5 wakawa 38, na ikaanza kuzunguka picha ya basi linaloungua, basi ambalo hata namba zake si za nchi hii. Mama mmoja akaingia kaunta, kanga moja kiunoni, nyingine kaitupia begani, anamuulizia mwanawe. Askari wa zamu akainamisha kichwa kwenye kitabu chake. Hakuwa na ruhusa ya kujibu.

Taarifa rasmi ilitoka saa 10 jioni: vifo 3, majeruhi 11.

Hiyo 3 ilijulikana tangu saa 2 asubuhi. Aliyenieleza baadaye ni huyohuyo askari wa kaunta, tena akanishangaa: "Sasa tungesema nini, na ndugu wa marehemu hawajaambiwa?"

Swali lake ni la haki, na ndilo lililonikalisha kuandika haya. Mngeweza kutoa idadi mkayashika majina. Karibu kila tukio lina kipande cha kutoa na kipande cha kushika, na kinachowaponza polisi wengi ni kuvishika vyote viwili kwa mkono mmoja. Tena ukishika, sema kwamba umeshika, na useme kwa nini. Raia anayejua kuwa kuna jambo limezuiwa kwa sababu fulani hana hasira kama raia anayehisi anafichwa.

Nimekaa kwenye benchi lile miaka mingi, kwa hiyo naandika nikiwa upande wa anayesubiri. Msomaji wangu hasa ni yule askari kijana aliyeitwa na mkubwa wake akaambiwa, "wewe unajua mambo ya mitandao, shughulika nayo," bila semina, bila bando, bila karatasi yoyote ya kumwongoza.

Hatua ya 1: Akaunti iwe ya ofisi

Fungua simu ya ofisi sasa hivi uangalie: akaunti imesajiliwa kwa laini ya nani? Nimeona kituo ambacho ukurasa wake wa Facebook ulifunguliwa kwa namba binafsi ya askari, akahamishiwa mkoa mwingine, laini ikazimwa, na namba za kuthibitisha zikawa zinakwenda hewani. Ukurasa bado upo hadi leo, unapongeza sikukuu ya mwaka ule, na watu wanaandikia humo kuomba msaada.

Tumia laini iliyosajiliwa kwa jina la ofisi na barua pepe ya ofisi. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Wanaoweza kuposti wawe wawili au watatu, na majina yao yaandikwe kwenye daftari la ofisi kama yanavyoandikwa ya wanaochukua silaha ghalani. Askari akihama, nenosiri libadilishwe siku anayokabidhi ofisi. Na nenosiri lisitumwe kwenye kundi la WhatsApp la kituo. Naona unacheka, ila unajua limetumwa.

Hii si hofu ya bure. Mei 2025 akaunti ya X ya Jeshi la Polisi Tanzania ilidukuliwa. Ziliwekwa picha chafu na uongo kuhusu kifo cha Rais, na watu wakaona yote yakitoka kwenye ukurasa wenye nembo ya jeshi. Akaunti ya polisi ikisema uongo kwa nusu saa, raia wa kawaida hana namna ya kujua kwamba anayezungumza si polisi. Kwa hiyo uwe na njia ya pili ya kutolea kanusho: ukurasa mwingine, redio ya mkoa, hata kipaza sauti cha gari. Ipange kabla hujaihitaji.

Akaunti binafsi za askari ni mlango mwingine wa kuvujia. Status ya WhatsApp ya konstebo aliyejipiga picha akiwa doria, nyuma yake mtuhumiwa kakaa chini na pingu, ni taarifa ya polisi hata kama hakuna aliyeisaini. Mkuu wa kituo aliseme hilo paredi, kwa maneno mafupi: ya kazini yabaki kazini.

Hatua ya 2: Gawa mafungu matatu kabla tukio halijatokea

Kaa na mpelelezi wa wilaya, mtu wa dawati la jinsia na watoto, na ukimpata wakili wa serikali itakuwa vizuri zaidi. Chukueni karatasi moja. Mafungu ni matatu.

La kwanza ni yanayosemwa papo hapo: nini kimetokea, wapi, saa ngapi, idadi iliyothibitishwa, barabara gani imefungwa, raia afanye nini, nani anashughulikia, na taarifa ijayo itatoka saa ngapi.

La pili ni yanayosubiri, na kila moja liwe na mlango wake wa kutokea. Jina la marehemu linasubiri ndugu wa karibu waambiwe ana kwa ana. Jina la mtuhumiwa linasubiri afikishwe mahakamani. Chanzo cha moto kinasubiri ripoti ya Zimamoto. Ukiandika "inasubiri" bila kuandika inasubiri nini, umeunda fungu la kusahau.

La tatu hayasemwi, nukta. Mtoa taarifa. Shahidi. Aliyebakwa. Mtoto, awe ameonewa au anatuhumiwa. Ugonjwa wa mtu. Namba ya simu na nyumba anayokaa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 na Sheria ya Mtoto ya 2009, na tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa 2022. Kenya wana yao ya 2019. Sheria hizi zinaipa polisi nafasi ya kuzitumia taarifa za watu katika kupeleleza, lakini kupeleleza ni jambo moja na kuanika ukurasani ni jambo jingine.

Fungu la tatu lina mtego, na humo wameangukia hata maofisa waangalifu. Tazama posti hii ambayo haina jina la mtu: "Tunamshikilia mwanamume mwenye umri wa miaka 41, fundi baiskeli, mkazi wa kitongoji cha juu, kwa tuhuma za kumbaka mtoto wake wa kambo anayesoma darasa la tano." Mwandishi ameficha jina la mtoto, karidhika. Lakini kitongoji kina mafundi baiskeli wangapi? Wenye watoto wa kambo darasa la tano ni wangapi? Kesho yake shuleni watoto wenzake wanamnyooshea kidole. Hukumtaja, ila umemtaja. Iandike hivi: "Tunamshikilia mwanamume mmoja kwa tuhuma za kumbaka mtoto katika wilaya yetu. Maelezo mengine hatuyatoi ili kumlinda mtoto, ambaye anapatiwa huduma." Umri, kazi, mtaa na undugu vikikaa pamoja ni sawa na jina. Kila mara jiulize kama jirani anaweza kukisia. Akiweza, punguza.

Kuna jambo jingine la kushika ambalo si la huruma bali la ufundi. Wapelelezi wazuri huacha kitu kimoja cha eneo la tukio ambacho anakijua mhalifu tu: rangi ya kamba, mfuko uliopinduliwa, kitu gani hakikuchukuliwa. Siku mtu akija kukiri, au akilazimishwa kukiri, kitu hicho ndicho kinachompima. Ofisa habari mwenye kiherehere akikianika Instagram ili posti inoge, mpelelezi amebaki mikono mitupu. Kwa hiyo kabla ya kuposti tukio la mauaji au ujambazi, mpigie mpelelezi umuulize swali moja tu: "Kipi nisikiguse?"

Hatua ya 3: Taarifa ya kwanza itoke ndani ya saa moja tangu upate idadi ya uhakika

Fupi, yenye muda juu yake. Kwa lile basi letu ingekuwa hivi:

"Saa 2:10 asubuhi. Basi la abiria limepinduka leo saa 11:30 alfajiri kwenye barabara kuu, karibu na daraja. Hadi sasa tumethibitisha vifo 3. Majeruhi wamepelekwa hospitali ya wilaya na bado tunawahesabu. Majina hatuyatoi mpaka ndugu wajulishwe. Anayemtafuta ndugu yake afike kaunta ya kituo au apige namba iliyo hapa chini. Upande mmoja wa barabara umefungwa. Taarifa inayofuata ni saa 4:00 asubuhi, hata kama hakuna jipya."

Maneno ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa. Ukiwaahidi watu saa 4 wataisubiri saa 4, na ile 38 ya WhatsApp itakosa mteja. Ila saa 4 ikifika uwepo kweli, hata kama ni kusema "idadi haijabadilika".

Waliofanya hivi vizuri, kwa maoni yangu, ni polisi wa München nchini Ujerumani usiku wa tarehe 22 Julai 2016, kijana mmoja alipowapiga watu risasi kwenye kituo cha maduka na kuua 9. Mji mzima ulijaa uvumi: wauaji ni watatu, kuna risasi na kule, kuna mateka na huku. Polisi wakawa wanaandika mfululizo kwa Kijerumani, Kiingereza, Kifaransa na Kituruki, maana mji una watu wa lugha hizo zote. Msemaji wao, Marcus da Gloria Martins, alisimama mbele ya kamera akaeleza kwa utulivu wanachojua na wasichojua, na walipomvuta akisie, hakukisia. Hapo kuna somo la lugha pia. Kama uko Kigoma au Mtwara na tukio liko kijijini, taarifa ya Kiswahili cha ofisi chenye "tajwa hapo juu" na "kwa namna moja ama nyingine" haimfikii mtu. Andika kama unavyomweleza shangazi yako.

Hatua ya 4: Operesheni ikiwa inaendelea, nyamazia mbinu na sema usalama

Septemba 2013, magaidi walipoingia Westgate jijini Nairobi na kuua watu 67, akaunti za serikali na za polisi ziliandika sana. Shida ni kwamba ziliandika jengo limedhibitiwa wakati milio bado inasikika, na jambo lenyewe likaendelea hadi siku ya nne. Al-Shabaab nao walikuwa Twitter wakijibu. Kila posti ya "tumedhibiti" iliyokanushwa na mlio wa risasi ilikula imani ya posti iliyofuata.

Hapa kanuni ni rahisi. Usiseme askari wako wapi, wangapi, wanaingilia wapi, wala "tumeshinda" kabla kamanda wa operesheni hajatamka. Sema watu wakae mbali na eneo gani, waliojificha wafanye nini, familia zikutane wapi. Na waombe raia wasirushe laivu, kwa kuwaeleza sababu: aliye ndani na bunduki naye ana simu.

Raia wakielewa sababu wanasaidia, tena kwa namna usiyoitarajia. Novemba 2015, Brussels ikiwa katika msako wa magaidi, polisi waliomba watu wasiandike mitandaoni kuhusu misogeo ya askari. Wabelgiji wakaifurika mitandao kwa picha za paka, paka wa kila aina, hadi atakayetafuta habari za msako akutane na masharubu tu. Kesho yake polisi wakashukuru kwa kuweka picha ya bakuli la chakula cha paka. Ni posti ya kipolisi niipendayo kuliko zote, na haikutoa siri hata moja.

Hatua ya 5: Picha uikague pembe zote nne

Usiangalie katikati, macho yako yameshaiona. Anza pembe ya juu kushoto uzunguke. Nimewahi kuletewa picha ya pikipiki zilizokamatwa, zimepangwa vizuri uani. Nyuma yake dirisha limefunguka, na ukutani unaonekana ubao wa mahabusu wenye majina yaliyoandikwa kwa chaki, ukivuta tu unasoma. Pembeni, jalada la kesi juu ya meza. Mbele kabisa, kioo cha pikipiki kinaakisi uso wa kijana aliyeshika simu ya kupigia picha, ambaye kumbe ndiye aliyewaelekeza askari zilipofichwa.

Ukiziba uso au namba, usitumie ile kalamu ya kupaka inayopitisha mwanga. Mtu akiongeza mng'aro anaona kilicho chini. Ziba kwa rangi nzito, piga skrinshoti ya picha iliyozibwa, na utume hiyo skrinshoti badala ya picha ya awali. Hivyo unaondoa pia taarifa za mahali picha ilipopigwa, ambazo simu huzihifadhi kimyakimya.

Sasa tuje kwenye desturi yetu ya kuwapanga watuhumiwa mstari mmoja, vielelezo miguuni, kamanda pembeni, kamera zinawaka. Najua posti hizo ndizo zinazopata wapendaji wengi. Lakini Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Tanzania inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika, na Ibara ya 50 ya Katiba ya Kenya inasema vivyo hivyo. Weka Katiba kando kidogo, tazama kesi yenyewe. Gwaride la utambulisho, lile la PGO (kanuni za kudumu za Jeshi la Polisi) namba 232, lina maana pale tu shahidi anapomtambua mtu kwa kumbukumbu ya siku ya tukio. Shahidi aliyeuona uso Instagram juzi anautambua uso wa Instagram. Wakili wa utetezi atauliza swali moja, "mara ya mwisho kumwona kabla ya gwaride ilikuwa wapi?", na kazi ya miezi ya wapelelezi imekwenda na maji. Nimekaa mahakamani nikaliona hilo likitokea. Mwendesha mashtaka alifunga faili lake taratibu sana.

Uso uwekwe kwa mambo mawili: mtu hatari anayetafutwa, kwa idhini ya mkuu wa upelelezi wa mkoa, na mtu aliyepotea, kwa idhini ya familia. Akipatikana, posti iondolewe au iandikwe wazi juu yake kwamba amepatikana, siku hiyohiyo. Mtoto aliyepotea mwaka juzi na akarudi nyumbani hahitaji picha yake kuendelea kuzunguka.

Neno kuhusu mbwembwe. Kurasa za DCI, wapelelezi wa Kenya, zilijipatia wafuasi wengi kwa kusimulia matukio kama riwaya, vijembe ndani. Zinasomeka, sikatai, nami nimezisoma hadi usiku. Lakini ukishamwita mtu "jambazi sugu" kwa nahau tamu, utaandikaje siku mahakama ikimwachia?

Hatua ya 6: Wanapokuuliza kile unachokishika

Hapa ndipo pagumu, kwa sababu shinikizo la mtandao linakutaka uchague kati ya kunyamaza kabisa na kumwaga kila kitu. Waingereza wametupa mifano miwili yenye gharama.

Januari 2023, Nicola Bulley, mama wa watoto wawili, alitoweka akitembeza mbwa kando ya mto huko Lancashire. Polisi waliamini tangu mapema kwamba ameingia mtoni, lakini hawakuwapa waandishi maelezo ya kutosha, hata yale ya pembeni yasiyo ya kuchapishwa. Pengo likajazwa na wapelelezi wa TikTok waliofunga safari hadi kijijini na kuanza kuchungulia nyumba za watu. Shinikizo lilipozidi, Februari 15, polisi wakatangaza hadharani kwamba alikuwa na matatizo ya pombe yanayohusiana na kukoma hedhi. Siku nne baadaye mwili ulipatikana mtoni. Mapitio ya chuo cha polisi cha Uingereza, Novemba mwaka huohuo, yalisema kutoa siri ile ya afya kungeweza kuepukwa na hakukuwa na ulazima. Ona mtiririko: walishika mno mwanzoni, kisha wakatoa kisichotoleka. Wangesema mapema "tuna sababu za kiafya za kuhofia usalama wake, undani wake ni wa familia," wangekuwa na pa kusimama.

Mfano wa pili ni Southport, Julai 29, 2024, watoto wa kike watatu walipouawa kwa kisu. Mtuhumiwa alikuwa na miaka 17, na kumtaja jina kulikuwa na vizuizi vya kisheria. Ndani ya saa chache mtandao ukampa jina la uongo na kudai ni mhamiaji aliyefika kwa mashua. Polisi walisema kijana kazaliwa Cardiff, humohumo Uingereza, walisema jina lile si lake, lakini uongo ulikuwa umeshavaa viatu. Usiku uliofuata msikiti ukashambuliwa, na vurugu zikasambaa miji mingine. Agosti 1 jaji akaruhusu jina litajwe. Mei 2025, gari lilipowagonga watu kwenye sherehe za mpira Liverpool, polisi walewale wa kesi ya Southport, wa mkoa wa Merseyside, walitangaza jioni hiyohiyo kwamba aliyekamatwa ni Mwingereza mweupe wa miaka 53, bila jina. Wengine walihoji kwa nini rangi itajwe, na hoja yao ina uzito: itajwe kila mara, au pale tu inapotuliza watu? Kwetu swali hilo lina sura yake, kabila na dini. Msimamo wangu ni kutovitaja kabisa, isipokuwa pale uongo kuhusu kabila fulani umeshaanza kuwatia watu hatarini, hapo kanusha kwa kuutaja uongo wenyewe: "Habari kwamba aliyekamatwa ni wa jamii fulani si kweli."

Sentensi ya kuweka mfukoni, utaitumia mara mia: "Hilo tunalijua ila hatulisemi kwa sasa, kwa sababu ya ______. Tutalisema ______ itakapokamilika." Nafasi zote mbili zijazwe. "Upelelezi unaendelea" pekee yake imechoka. Watu wameshaisikia hadi kwenye vichekesho.

Hatua ya 7: Anapotuhumiwa askari

Hii nimeiacha nyuma lakini ndiyo inayopima zote zilizotangulia.

Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu wa Kenya, alikamatwa Homa Bay kwa andiko la mtandaoni kuhusu naibu mkuu wa polisi, akasafirishwa hadi kituo cha Central, Nairobi, na kufariki akiwa mikononi mwa polisi. Taarifa ya kwanza ya polisi ilisema alijigonga kichwa kwenye ukuta wa mahabusu. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa, kubanwa shingo na majeraha mwilini ambayo madaktari walisema hayaendani na mtu kujiumiza. Juni 11, Inspekta Jenerali Douglas Kanja alisimama mbele ya Seneti akaomba radhi kwa taarifa ile isiyo sahihi. Vijana walikuwa wameshaingia barabarani.

Tazama kosa lilipo kwa jicho la anayeandika taarifa tu; ya jinai yana mahakama yake. Kuna mtu aliandika chanzo cha kifo kabla daktari hajafungua mwili. Hilo usilifanye, hata akuamuru mwenye nyota nyingi. Mwambie kwa adabu: "Afande, tukiandika chanzo leo na daktari akaandika kingine kesho, jina litakaloitwa bungeni ni lako." Mara nyingi sentensi hiyo inatosha.

Kinachoandikwa ni hiki: mtu amefariki akiwa chini ya ulinzi wetu, saa fulani, kituo fulani. Familia imejulishwa. Chanzo hakijajulikana, na uchunguzi wa maiti utafanyika familia ikiwa na haki ya kuwa na daktari wake. Askari waliokuwa zamu wameondolewa kwenye majukumu hayo. Kisha taja nani wa nje anayeangalia: Kenya ni IPOA, mamlaka huru inayosimamia polisi; Tanzania familia inaweza kwenda Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Taarifa isitoke kwenye akaunti ya kituo kinachotuhumiwa, itoke mkoani au makao makuu. Na historia ya marehemu, kwamba aliwahi kukamatwa, kwamba alikuwa mlevi, isiingie humo hata kwa bahati mbaya. Ukiiona kwenye rasimu, futa. Anayeiweka anajua kwa nini anaiweka.

Hatua ya 8: Komenti na inbox

Usiwaombe watu wataje wahalifu kwenye komenti. Wapo wanaotaja, na kesho yake kuna nyumba inachomwa. Posti ya kuomba taarifa iwe na namba ya simu, na 112 kwa dharura, na iseme "usiandike jina la mtu hapa". Akiandika, piga skrinshoti kwa ajili ya upelelezi, ficha komenti, kisha mwandikie faragha.

Anayewatukana polisi bila kumtaja raia yeyote, mwache. Ukifuta lawama, watu wanahesabu. Weka kanuni za ukurasa juu kabisa, mistari mitano, ili unapoficha komenti uweze kuonyesha kwa nini. Inbox ijibiwe na mtu mwenye jina la zamu, saa za kazi zitajwe, na ieleweke kwamba lalamiko halijawa lalamiko mpaka mtu apate RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yake) kituoni.

Hatua ya 9: Sahihisha juu ya kosa, na fuatilia hadi hukumu

Umekosea idadi? Usifute kimyakimya, skrinshoti zipo. Andika "Marekebisho, saa 6:20" ukieleza kilichokosewa. Kinachofutwa ni kile kinachomdhuru mtu kikiendelea kuonekana, na hata hicho nakala ibaki ofisini pamoja na jina la aliyeidhinisha.

Halafu kuna kazi ambayo sijaona kituo kikiifanya kwa mpangilio. Tenga asubuhi moja kila mwezi, na chai yako mezani. Rudi kwenye posti za mwaka uliopita na ule wa nyuma yake, zile za "tunamshikilia". Mpigie karani wa mahakama umuulize kila shauri limeishia wapi. Aliyefungwa, andika. Ambaye mashtaka yake yaliondolewa, andika pia, palepale chini ya posti ileile iliyomtangaza: "Mahakama imemwachia huru mtu tuliyemtaja hapa. Tumeondoa picha yake."